Miguu Yangu na Kitabu cha Nasaba



Wengi wenu mmenizoea nikiandika hapa juu ya majahazi, juu ya nyumba za Malindi na Vuga, na juu ya wazee wetu walioondoka Ibra wakafuata upepo wa kaskazi hadi Unguja. Leo nataka kuandika juu ya miguu yangu. Najua si mada ya kumfaa mzee kama mimi, na wapo miongoni mwenu watakaosema kwamba maradhi ya mtu ni siri yake na Mola wake. Nawaomba mnivumilie, kwani mtaona huko mbele kwamba miguu hii si yangu peke yangu.

Ilianza kwenye kutawadha. Alfajiri moja ya mwezi Novemba 2022 nilisimama mbele ya bomba, hapa nyumbani Al Qusais, nikajaza maji viganjani na kufumba macho ili nioshe uso. Palepale nikahisi sakafu inainama. Nikashika ukingo wa beseni, nikafumbua macho, sakafu ikarudi mahali pake. Nikafumba tena, ikainama tena. Nilicheka peke yangu, nikasema ni usingizi. Siku ya tatu nilianguka kweli, nikajigonga bega, na mke wangu akaja mbio akidhani ni beseni lililovunjika.

Baada ya hapo mambo yalikuja moja baada ya jingine, polepole. Nyayo zilikufa ganzi. Nikivaa makubadhi, moja hunivuka njiani nami sijui mpaka niambiwe. Usiku nyayo zilezile zisizosikia kitu ziliwaka moto, hata nikawa nalala na miguu nje ya shuka. Waarabu huiita hali hii tanmil, neno lililotokana na naml, yaani sisimizi, nami naliona ni neno la haki kabisa, kwani walinipanda kwa miguuni, wakafika magotini, kisha wakaingia vidoleni mwa mikono. Gizani nilitembea nimeshika ukuta. Maneno nayo yakaanza kunikimbia. Siku moja, mimi niliyekuwa karani wa mizigo bandarini kwa miaka 38, nilisimama mbele ya mjukuu wangu nikitafuta neno “forodha”, nisilipate.

Lakini kilichonitisha zaidi ya yote ni mwandiko. Mnajua kwamba tangu nistaafu mwaka 2020 nimekuwa nikinakili upya kile kitabu cha nasaba alichokianza babu na kukiendeleza marehemu baba, kwa khati ya Kiarabu, kwa kalamu ya wino. Jioni moja niliweka kurasa za mwaka 2021 kando ya kurasa za mwisho. Zile za kwanza mistari imenyooka, alifu zimesimama kama minara. Zile za mwisho herufi zimelala, nukta zimetupwa mbali na herufi zake. Sikuhitaji daktari kuniambia kwamba kuna kitu kimeharibika. Nilihitaji daktari wa kuniambia ni kitu gani, tena kwa bei ninayoiweza.

Hapo ndipo safari ilipoanza, na kwa wasioishi huku hapana budi nieleze kidogo. Sheria namba 11 ya mwaka 2013 ilimlazimu kila mkaazi wa Dubai awe na bima ya afya. Nilipokuwa kazini kampuni ilinilipia, sikujua hata bei yake. Nilipostaafu viza yangu ilihamia chini ya mwanangu, na bima ikawa juu yake. Kwa mtu aliyepita miaka 60, mwenye kisukari, bima nzuri ni ghali, ile ya bei nafuu ina masharti. Ipo orodha ya zahanati unazoruhusiwa kwenda. Kila ukienda unatoa sehemu ya gharama kutoka mfukoni. Humwendei daktari bingwa mpaka daktari wa kawaida akupeleke, wala hupigwi picha kubwa mpaka idhini itoke. Na kwa bima yangu ile mpya, maradhi niliyoingia nayo yalitakiwa kusubiri kwanza miezi kadhaa.

Zahanati ya kwanza ilichukua dakika saba. Kisukari, alisema daktari, ndicho kinachokula mishipa ya fahamu. Akaniongezea dawa ya maumivu. Sikumlaumu, kwani kisukari kweli hufanya hivyo. Dawa ikanilevya tu. Zahanati ya pili ilipima damu, ikakuta haina upungufu wowote, ikaniambia ni umri. Kisha hospitali moja kubwa, ambayo sitaitaja, ikanipa karatasi yenye picha ya ubongo, picha ya uti wa mgongo, kipimo cha umeme wa mishipa na vipimo vya damu 9. Jumla ilikuwa dirhamu 7,800. Bima ikakataa, ikaeleza kwamba hakuna ugonjwa uliothibitishwa wa kuvihalalisha vipimo hivyo. Nikamwuliza binti wa dirishani: ugonjwa utathibitishwa vipi kabla ya vipimo? Akatabasamu kwa adabu, akaniita anayefuata.

Mwanangu alinishauri niombe msaada. Dubai haina uhaba wa watu wa kheri. Kuna Taasisi ya Al Jalila, iliyoanzishwa mwaka 2013, yenye mpango uitwao A'awen wa kuwasaidia wagonjwa wasio na uwezo, na zipo jumuiya nyingine za hisani. Niliketi na fomu mbili tatu, na zote, kwa haki yao, ziliuliza jina la ugonjwa. Maisha yangu yote kazini nilikuwa mimi ndiye niliyewaambia wafanyabiashara kwamba mzigo usio na hati hautoki bandarini, hata kama mwenyewe amesimama pale anauona kwa macho. Sasa mzigo ulikuwa mimi.

Nilifikiri pia kuondoka. Jirani mmoja alinisifia Chennai, mwingine Kerala, na kwa hakika watu wetu wa Unguja na wa Oman wamekuwa wakienda India kutibiwa kwa miaka mingi. Lakini ukijumlisha tikiti mbili, kwa maana peke yangu sikuweza kusafiri, na chumba, na chakula, unafuu wote unakwisha. Ndugu yangu wa Maskati alisema, “Njoo kwetu.” Yeye ana pasi ya Oman, na hospitali za serikali ya kwao humtibu karibu bure. Mimi sina. Wazazi wetu walipotoka Unguja mwaka 1964 kila mmoja alishika njia aliyoipata, na pasi zikafuata njia hizo. Alipoingia Sultan Qaboos mwaka 1970 na kuwaita Waomani warejee, ndugu yangu alirejea. Baba alikuwa na shughuli zake Dubai, akasema tutakwenda mwakani, na mwaka huo haukufika. Katika ukoo mmoja hii leo tuna pasi ya Oman, ya Imarati, ya Tanzania, ya Uingereza, na wapo jamaa waliokaa huku miaka mingi bila pasi yoyote, mpaka baadaye wakapewa ya Komoro, nchi ambayo hawajapata kuitia mguu. Vijana huzungumza juu ya pasi kama jambo la kusafiria. Mimi nimejifunza kwamba pasi ni jambo la hospitali.

Tiba za nyumbani sitaziacha nje, maana nitakuwa mwongo. Nilikunywa habasoda. Nilipigwa chuku mara mbili. Mke wangu aliagiza kombe kwa mzee wa Kipemba anayeishi Sharjah, nikalinywa kwa nia safi, na moyo ukatulia. Miguu haikutulia.

Mwezi Februari 2023 rafiki yangu wa zamani wa bandarini, Mbaluchi, alinipeleka kwa daktari mmoja Deira, katika vichochoro vya Naif, juu ya duka la mabegi. Bei ya kumwona ni dirhamu 60, taslimu, bila bima. Ngazi zake zilinitoa jasho. Daktari ni mtu wa Kerala, umri wetu, miwani imefungwa kwa uzi. Tulizungumza Kiurdu cha Dubai, ambacho si changu wala si chake.

Aliniambia nivue soksi. Akachukua chuma chenye matawi mawili, akakigonga gotini mwake kikalia, akaweka shina lake juu ya kidole gumba cha mguu wangu.

“Unasikia kinatetemeka?”

“Kinatetemeka?” nilimwuliza.

Akakipandisha kifundoni, sikusikia. Akakiweka gotini, hapo nikasikia kwa mbali, kama mtu anayeimba nyumba ya pili. Kisha akanisimamisha miguu pamoja, akaniambia nifumbe macho. Nikawayawaya kama jahazi lililopigwa wimbi la ubavuni, akanidaka. Nikamweleza habari ya kutawadha. Akanyamaza kidogo, akasema, “Baba, mtu husimama kwa vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na habari zinazotoka miguuni. Wewe habari za miguuni hazifiki. Ukifumba macho, unabaki na kimoja.” Kwa miezi mitatu nilikuwa sijapata maelezo yaliyonyooka namna ile.

Akaketi, akachukua karatasi, akauliza: “Wazazi wako ni ndugu?”

Nikasema ndiyo, ni watoto wa ndugu wawili, na babu na bibi vilevile. Akaandika. Akanieleza kwamba maradhi mengine hupita katika damu kimyakimya mpaka pande mbili za ukoo zikutane, na kwamba hapahapa Dubai, tangu mwaka 2003, kuna kituo kinachokusanya habari za maradhi ya kurithi miongoni mwa Waarabu.

“Katika ukoo wenu kuna aliyekuwa na miguu kama hii?”

Jamaa zangu, nilijiona nimefika mahali pangu. Nikamwambia kwa fahari kwamba nina kitabu, na kwamba naweza kumtajia baba zangu mpaka kizazi cha 11, bin fulani bin fulani, na kijiji walichotoka, na mwaka aliovuka yule wa kwanza.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Vizuri sana. Walikufa kwa ugonjwa gani?”

Sikuwa na jibu hata la mmoja. Baba nilikuwepo: ni moyo. Wengine kitabu kinasema “alihamia rehema ya Mola wake” na tarehe ya Hijria. “Na mama zao?” akauliza. Nikafumbua mdomo nikaufumba. Katika kitabu chetu, ambacho nimekaa miaka mitatu nikikinakili na kukupigieni picha mkisome hapa, wanawake hawamo. Pameandikwa “na binti wawili”, au hapana neno kabisa. Jina la mama yake babu silijui mpaka leo.

“Nenda ukaulize,” alisema. “Vipimo vya bei kubwa vipo, vitakungojea. Kuuliza ni bure.”

Si bure kabisa, maana hapa kwetu simu za sauti za wasapu zimefungwa, ikabidi nitume ujumbe wa sauti kwa vijana na kuwapigia wazee kwa simu ya kulipia. Wiki tatu nilizungumza na Maskati, Mombasa, Dar es Salaam, Unguja na Portsmouth. Wengine walidhani nimeona ndoto mbaya. Mmoja, ami yangu wa upande wa mama, alikasirika: “Wafu tunawaombea, hatuwapimi.” Nikamwomba radhi.

Majibu niliyopata yalikuwa ya lugha ya zamani. Huyu alikwenda kwa homa. Yule baridi yabisi. Mwingine alipigwa na upepo, nikaelewa kwamba alipooza. Mwingine husuda. Niliandika kila neno kama lilivyosemwa, bila kusahihisha, kwa mwandiko wangu ulioanguka.

Kisha nikampigia Bi Mkubwa wa Mkunazini, ambaye amepita miaka 85 na akili yake ni wembe.

“Shikamoo, Bi Mkubwa.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za Dubai? Nasikia huoni njia.”

“Njia naiona, Bi Mkubwa. Ni miguu isiyoiona.”

Akanyamaza. Kisha akasema, “Kama bibi yako.” Bibi mzaa baba. Akaniambia kwamba siku zake za mwisho bibi hakutoka dirishani, si kwa uzee bali kwa kuwa miguu ilikuwa “ya kuazima”. Na usiku alikuwa na kijakazi wa kumwongoza hata kwenda chooni, kwa maana kukizimwa taa alianguka. Haya baba hakuwahi kuniambia. Nadhani aliona ni aibu, au alikuwa mdogo.

Baada ya hapo nikampigia dada yangu wa Seeb, binti wa marehemu shangazi, mkubwa wangu kwa miaka 12. Nilimwuliza juu ya miguu ya mama yake. Akaanza kulia, nami nikajuta.

“Mdogo wangu,” alisema, “watu walisema mama amechezewa. Wengine wakasema ni huzuni ya mwaka 1964. Miguu inawaka, ukiigusa baridi. Anatembea ameshika ukuta. Na ulimi, ulimi ulikuwa mwekundu, laini, hawezi kula hata pilipili moja, yeye aliyekuwa akitengeneza achari ya mtaa mzima.”

Hapo nilijigusa midomo. Tangu mwaka jana nilikuwa nimeacha pilipili, nikidhani tumbo limezeeka.

“Hakutibiwa?”

“Alitibiwa. Tulimpeleka Mnazi Mmoja, siku hizo ikiitwa Hospitali ya V. I. Lenin. Kulikuwa na daktari wa Kichina, mwembamba. Akamtazama ulimi, akampa sindano nyekundu.”

“Nyekundu vipi?”

“Nyekundu kama sharbati ya zabibu. Sisi tulidhani anatiwa damu. Kila siku kwanza, halafu kila mwezi. Baada ya miezi akasimama, akapika mwenyewe Ramadhani ile. Mwaka 1974 akahamia Mombasa kwa kaka. Alikuwa mzima, akasema sindano za nini tena. Tukasema kweli, za nini. Mwaka 1979 alikufa hajui miguu yake iko wapi.”

Nilirudi Naif na daftari. Nikamsomea daktari yote, homa na husuda na baridi yabisi, naye akisikiliza kwa subira ya mtu aliyelipwa dirhamu 60. Nilipofika kwenye sindano nyekundu aliweka kalamu chini, akanitazama juu ya miwani.

“Dawa zako za kila siku ni zipi? Zote.”

Nikamtajia metfomini ya kisukari, miaka 14 sasa, na omeprazoli ya tumbo, kama miaka 6.

Akacheka, si kwa dharau. Akatoa ulimi wake kunionyesha nitoe wangu. Akautazama kwa tochi. Kisha akaandika kipimo kimoja tu, bei yake dirhamu 110: vitamini B12.

Nitawaeleza kama alivyonieleza. Vitamini hii hupatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu anayekula vizuri haikosi mezani. Lakini tumbo linahitaji kitu maalumu kinachotoka katika kuta zake ili utumbo uipokee, na wapo watu ambao mwili wao wenyewe hukipiga vita kitu hicho, na hali hiyo mara nyingine hufuata ukoo. Metfomini nayo, ikitumiwa kwa miaka mingi, hupunguza upokeaji wake, na dawa za kuzuia asidi vilevile. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari kwamba mtu wa metfomini mwenye dalili kama zangu apimwe B12. Ini lina akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja kwa kunyatia. Bila vitamini hii ile ala inayofunika mishipa ya fahamu huchakaa, mfano wa waya wa umeme uliochubuka, ndipo habari za miguuni zisifike. Na damu inaweza kuonekana sawa kabisa ilhali mishipa inaungua. Hilo ndilo lililowapoteza waliotangulia. Ama sindano, ni nyekundu kwa asili yake.

Jibu lilikuja kesho yake: 118, ilhali maabara ile inahesabu chini ya 200 kuwa upungufu. Daktari alisema tuanze, na kama baada ya miezi mitatu hakuna nafuu, tutaitafuta ile picha ya mgongo kwa njia yoyote, kwani mtu anaweza kuwa na mambo mawili. Sindano moja, pamoja na mkono wa muuguzi, dirhamu 35. Siku moja baada ya siku moja kwanza, kisha kila wiki, sasa kila mwezi.

Karani hafi na tabia yake, kwa hiyo nilipiga hesabu. Kumwona daktari mara nne, kipimo, sindano za miezi mitatu, na simu zote za Unguja na Mombasa, hazikufika dirhamu 1,300. Siwaambii haya ili mkimbie hospitali kubwa. Mwingine mwenye dalili kama zangu huenda ana uvimbe, na ile karatasi ya dirhamu 7,800 ndiyo ya kumwokoa. Ninasema tu kilichonipata.

Ulimi ulipona kwanza, wiki ya pili; nilikula achari ya ndimu nikatokwa na machozi ya furaha, mke wangu akaniona mpumbavu. Moto wa usiku ulipungua kufikia Shaabani. Mwandiko umesimama, ingawa nukta bado hutangatanga. Neno “forodha” limerudi. Kidole gumba bado hakisikii kile chuma, na daktari amesema wazi kwamba kilichokaa muda mrefu bila chakula huenda kisirudi. Natawadha nimeketi kwenye kigoda cha plastiki. Inawezekana kama ningelijua habari za shangazi mwaka mmoja mapema ningelikuwa nimesimama. Hilo silifikirii sana, ila usiku.

Je, ni metfomini au ni damu ya bibi? Nilimwuliza daktari. Akasema kipo kipimo kingine cha kutofautisha, bei yake si ndogo, na jibu lolote lile mimi nitachomwa sindano ileile. Kwa ajili yangu nilikiacha. Lakini nina watoto watatu. Nimewaamuru wote wapime, wakubwa wao wakanung'unika. Binti yangu, ambaye kwa mwaka mzima amekuwa akilalamika uchovu nasi tukimwambia ni watoto wadogo, kiwango chake kimetoka cha mpakani kabisa, naye hajawahi kuonja metfomini. Yeye ndiye tutakayemlipia kile kipimo, mwezi ujao inshallah.

Kitabu nimekifungua upya. Nimechora safu mbili pembeni mwa majina, moja ya mama na moja ya maradhi, na nimeanza kuandika: bibi, miguu, giza, shangazi, miguu, ulimi, sindano nyekundu, 1979, Mombasa. Majina yao sasa yamo, kwa wino. Safu ya mama ina mianya mingi kuliko maandishi. Mwenye jina lolote la mama, bibi au shangazi, na neno lolote juu ya alivyougua, hata kama ni “husuda”, aniletee, nitaliandika kama lilivyo.

Na liko jambo moja mahususi. Shangazi alikuwa na binti wa pili, mdogo wake dada wa Seeb, aliyeolewa na kuondoka kwenda Bujumbura mwaka 1965. Barua yake ya mwisho ilifika Mombasa kabla mama yake hajafa, na humo aliandika kwamba miguu inamsumbua. Kama kuna miongoni mwenu, mlioko Burundi, Kigoma, Brussels au kokote, anayemjua yeye au wanawe, tafadhali mpeni namba yangu. Mwambieni ni mtoto wa mjomba wake wa Malindi, na kwamba namwulizia miguu.